JILE YA KILA MUTU, AO TUNABAKIA NYUMBANI



Mvua ikiisha na majani yakianza kukauka, watu wa Likasi wanaanza kuwaza muto. Siku ya Mungu inafika: mumoja anatafuta gari, mwingine anaazima mashua ya upepo, vijana wanafunga mipira ya ndani ya pine za kamyo kwa kamba, mama anatayarisha bukari na samaki, na wote wanateremuka kwa Lufira. Si jambo baya. Mutu aliyefanya kazi juma lote katika kelele na vumbi anahitaji hewa, maji, na kicheko cha watoto wake. Hakuna muganga mwenye akili atakayemukataza.

Lakini jueni neno hili: safari ya muto inafaulu ao inaharibika mbele ya kufika kwa muto. Inaamuliwa kwenye lupango, siku tatu ao nne mbele, wakati munahesabu watu na munahesabu vyombo. Ndiyo sababu ninasema wazi katika ukurasa huu: kama hesabu ya jile za kuokoa hailingani na hesabu ya watu, hakuna safari. Musiseme "watoto watavaa, wakubwa wanajua kuogelea". Musiseme "tutapokezana". Jile ya kila mutu, ao tunabakia nyumbani.

Ninajua kuko watakaonung'unika. Watasema ni sheria kali kwa siku ya furaha. Tuangalie pamoja kama ni kali kweli.

KAZINI TUNAKUBALI, KWA MUTO TUNAKATAA

Wewe baba unayesoma, kazini unaingia bila kaski? Unafungua mutambo bila kujua kama umeme umekatwa? Kapita akisema "pahali hapa hapapitiki leo", unamucheka na kupita? Hapana. Umefundishwa, umeona wenzako waliojeruhiwa, na unajua kwamba kila sheria ya usalama iliandikwa kisha mutu fulani kulipa kwa mwili wake.

Sasa siku ya Mungu, mutu yuleyule anapandisha mutoto wa miaka sita juu ya mupira wa pine, hana jile, hana kamba, na yeye baba mwenyewe amekwisha kunywa chupa mbili. Kwa nini? Sababu kwa muto hakuna kapita, hakuna mulango wa kuingilia, hakuna mutu wa kuandika jina lako kwenye buku. Muto unaonekana kama pahali pa kupumuzika. Lakini maji hayajui kama leo ni siku ya kazi ao siku ya mapumuziko.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Umoja wa Mataifa, katika mwaka huo huo wa 2021, uliweka tarehe 25/7 kuwa siku ya kukumbusha watu wote hatari hii. Kwetu Katanga tarehe hiyo inaangukia katikati ya majira ya kiangazi, wakati ule ule tunapopanga safari zetu.

Hatuhitaji kwenda mbali kwa kujifunza. Tarehe 3/10/2024, katika Ziwa Kivu, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa, na waliosimama pa bandari waliwaona kwa macho. Ukaribu wa inchi kavu haukuwaokoa. Mutu asiyekuwa na jile anaweza kufa mbele ya mama yake, mita makumi chache tu kutoka kwa muchanga.

Wengine wanasema: "Jile ni bei kali, hatuna franga." Ninawajibu kwa heshima: hesabuni kasie za bia mulizochanga kwa safari iliyopita. Ekipe inayoweza kuchanga bia inaweza kuchanga jile. Bia inaisha siku ile ile. Jile inayotunzwa vizuri inatumika miaka.

ULEDI ALISEMA HAPANA

Neno la pili ni hili: kila safari iwe na shef mumoja, na shef huyo awe na haki ya kusema "haturuki". Achaguliwe kwenye lupango, si kwa muto. Asiwe mutu wa cheo kikubwa kazini, awe mutu anayejua maji. Na siku ile asinywe hata kidogo.

Kuko hadisi ya kweli ambayo inafaa kujulikana na kila mutu anayesema Kiswahili. Katika mwaka 1877, Stanley alikuwa akiteremuka muto Kongo pamoja na watu wengi wa Zanzibari. Walipofika katika maporomoko ya chini, Mwingereza mumoja, Frank Pocock, alikuwa na vidonda vya miguu. Hakuweza kutembea vizuri, na hakutaka kungoja kubebwa kwa njia ya inchi kavu. Akataka mutumbwi upite ndani ya maji. Nahodha wa mashua, Uledi, alienda kuangalia maji, akarudi, akasema hayapitiki. Pocock akawacheka kama watu waoga. Mwisho wakakubali. Tarehe 3/6/1877 mutumbwi uliingia katika maji makali ukapinduka, na Pocock, aliyekuwa muogeleaji muzuri, akafa.

Angalieni vizuri. Ujuzi ulikuwapo: Uledi alijua. Kuangalia kulifanywa: Uledi alitembea mpaka pa maporomoko. Kitu kilichokosekana ni kimoja tu: mutu aliyejua maji hakuwa na neno la mwisho. Aibu na haraka vilishinda akili. Ni watu wangapi kwetu wanaingia majini sababu wanaogopa kuitwa waoga? Ndiyo maana shef achaguliwe mapema, na wote waahidi mbele ya wamama kwamba neno lake halitachekwa.

Na musiwaze kwamba ufundi peke yake unatosha. Hendri Coetzee, mutu wa Afrika Kusini, aliongoza katika mwaka 2004 safari iliyofuata Nile kutoka Uganda mpaka baharini. Kwa mito ya Afrika alikuwa mwalimu. Tarehe 7/12/2010, katika muto Lukuga, ule unaotoka Ziwa Tanganyika pa Kalemie, alikuwa akiongoza Wamarekani wawili, kila mutu katika kimashua chake. Mamba alimukamata na kumuvuta chini. Jile haizuii mamba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya shef ni kuchagua maji, na kazi hiyo inafanywa kwa kuuliza wavuvi wa pahali pale: mamba wako? viboko wanatokea wapi, saa gani? mwaka huu mutu amekufa hapa? Mvuvi akisema "hapa hatuogi", musimubishie. Fungeni vyombo, mukule bukari yenu kwa kivuli, murudi.

Kwa jirani zetu wa Zambia, chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, watu wanalipa kusudi wapite katika maji makali ya Zambezi kwa mashua za upepo. Kazi hiyo ilianza huko mwaka 1981. Ni maji ya kutisha kuliko yote tunayoweza kukutana nayo kwetu, lakini angalieni namna wanavyofanya. Mbele mashua haijagusa maji, muongozaji anasimama pa kando na kufundisha: namna ya kukamata kafi, namna ya kulala majini ukianguka, namna ya kukamata kamba. Kila mutu anavaa jile na kaski, na muongozaji mwenyewe anavuta mikanda kuona kama imekaza. Na wakati maji ya muto yamepanda kupita kiasi, hawashuki, hata kama wageni wamekwisha kufika na franga zao mukononi. Kama watu wa kazi hiyo wanaweza kukataa franga, sisi hatuwezi kukataa siku moja ya Mungu?

NAMNA YA KUPANGA SAFARI

Wajuzi wa mito wanagawanya maji katika madaraja 6. Daraja la 1 ni maji yanayotembea polepole. Daraja la 6 ni maji ambayo mutu anaingia kama anatafuta kifo. Familia ibakie katika daraja la 1, na wakubwa wenye kujua kuogelea wasipite la 2. Ukisikia sauti ya maji mbele yako na huoni pale yanapoenda, toka kwa kando, tembea kwa miguu, angalia.

Majira: kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja na inaendelea mpaka mwezi wa ine. Wakati huo Lufira inajaa, inakuwa na rangi ya udongo, inabeba miti, na hakuna anayeona kilicho chini. Ngojeni kiangazi. Lakini hata mwezi wa sita na wa saba muwe na akili: maji ni baridi, na mutoto mwembamba anaanza kutetemeka upesi. Mudomo ukiwa wa buluu, atoke, avuliwe nguo zenye maji, afunikwe.

Kizuizi cha maji: pa Mwadingusha kuko kizuizi kilichofunga Lufira tangu mwaka 1930 na kuzaa Ziwa Tshangalele, na chini yake kuko mitambo ya Koni. Jueni sheria mbili. Juu ya kizuizi, musikaribie kabisa pale maji yanapovutwa kwa mitambo. Chini ya kizuizi, maji yanaweza kupanda bila tone moja la mvua, sababu kazi ya mitambo inabadilika. Musiweke watoto wala vyombo juu ya mawe ya katikati ya muto, hata kama yamekauka asubui.

Kisha, mbele ya kutoka, shef aandike karatasi mbili. Moja anabeba, ya pili anaachia mutu anayebakia nyumbani. Karatasi iwe na maneno haya:

1. Majina ya wote wanaoenda, wakubwa na watoto.
2. Pahali pa kuingilia majini na pahali pa kutokea.
3. Saa ya kutoka majini. Ninashauri saa 15, isipite, kusudi jua lisilale mungali njiani.
4. Saa ambayo, kama hamujarudi, mutu wa nyumbani aanze kutafuta musaada.
5. Lopitali iliyo karibu zaidi na ule muto, na gari gani itabeba mugonjwa. Gari hiyo isiende kutafuta bia wakati watu wako majini.

Kila mutoto awe na mukubwa wake anayejulikana kwa jina. Tukisema "wote tutawaangalia", maana yake hakuna anayewaangalia. Na mukubwa huyo asiwe na simu mukononi.

Nani asiingie majini? Mutu mwenye kifafa. Mutu aliyekunywa. Mama mwenye mimba. Mutu mwenye homa ao kidonda kikubwa. Na wewe uliyetoka kazi ya usiku ile asubui: mikono yako iko pale, lakini akili yako ingali inalala. Lala kwanza, utaenda juma lingine.

VYOMBO VINATUNZWA KAMA VYOMBO VYA KAZI

Ekipe ichague mutu mumoja wa kutunza vyombo, na apewe kabuku. Kila chombo kiandikwe, na kila kinapotoka na kurudi kiandikwe tena, pamoja na ubaya ulioonekana. Chombo cha watu wote kisichokuwa na mutunzaji kinakufa upesi, na siku kinakufa kinaweza kwenda na mutu.

Mashua ya upepo. Siku mbili mbele ya safari, ijazeni upepo pa lupango na kuiacha usiku muzima. Asubui ikiwa imelegea, kuko tundu. Pakeni maji ya sabuni: pale mapovu yanapotoka ndipo pabaya. Ni namna ile ile tunayotafuta gazi inayotoroka kazini. Kwa kuziba, kausheni, safisheni, kwaruzeni kidogo kusudi kole ikamate, pakeni kole nyembamba mara mbili pande zote, ngojeni ianze kunata, ndipo mugandamize kiraka kwa nguvu. Muache siku nzima. Kiraka kilichowekwa asubui ya safari si kiraka.

Siku ya safari, musijaze upepo mpaka mwisho na kuacha mashua kwa jua: upepo unapopata moto unapanuka na unaweza kupasua mishono. Mashua ikiingia katika maji ya baridi, italegea. Hapo ndipo munaongeza kwa pompi. Kwa hiyo pompi inasafiri pamoja nanyi, haibakii kwa gari.

Mipira ya pine. Siipendi kwa watoto, ninasema wazi. Mupira una sehemu moja tu ya upepo: tundu moja, na kila kitu kimeisha. Kama wakubwa wanaitumia, wafunike kile kichuma cha kujazia upepo kwa kitambaa kinene, maana kinapasua tumbo na mapaja. Na kamba za kufungia mipira zisiwe na mikono mirefu inayoelea, sababu muguu unaingia ndani.

Jile. Ipimeni katika maji yasiyopita kifua. Mutu mukubwa akilegeza mwili, kidevu kibakie juu ya maji. Ikipanda mpaka masikio, ni kubwa ao mikanda imelegea. Ya mutoto iwe na mukanda unaopita katikati ya miguu, kama hapana mutoto atateleza na kutoka chini. Musikalie jile, musiifanye mutoo wa kulalia, musiweke mizigo juu yake: ile povu ya ndani ikigandamizwa inapoteza nguvu ya kuelea. Jile iliyopasuka ao iliyokatika mukanda iondolewe kabisa, isiachiwe "mutu mwepesi".

Kaski. Kaski ya kazi ibakie kazini. Kwanza si mali yako. Pili haikutengenezwa kwa maji: ukingo wake unakamata maji yanayokimbia na kuvuta shingo. Na bote za kazi vilevile: zikijaa maji zinakuwa mawe. Vaeni viatu vyepesi vilivyofungwa vizuri.

Kamba ya kuokoa. Tafuteni kamba ya mita 15 mpaka 20, yenye kuelea. Fungeni mwisho wake kwa bidon tupu ya litre 5, yenye kifuniko kilichokaza na maji kidogo ndani kusudi iruke vizuri. Mutu mumoja abakie kwa kando na bidon hiyo mukononi wakati wengine wako majini. Kamba hiyo isifungwe hata mara moja kwa kiuno cha mutu, na shef awe na kisu cha kuikata.

Kisha safari, osheni kila kitu kwa maji safi, kausheni kwa kivuli, si kwa jua kali. Kunjeni bila kukaza. Weka juu ya mbao, mbali na esanse, mafuta na panya. Esanse inakula mupira polepole, bila wewe kuona.

MAGONJWA YANAYONGOJA KWA MAJI

Mutu anaweza kurudi nyumbani akicheka na kumbe amebeba ugonjwa. Kuko mine ya kuangalia.

Bilarzi. Inakaa katika maji yanayosimama pa kando, pale penye majani na konokono wadogo. Mududu wake anaingia katika ngozi kwa dakika chache, na hauhisi kitu. Ingieni na kutoka majini pale maji yanapotembea, penye muchanga, na jipanguseni upesi. Majuma 6 mpaka 8 kisha safari, mutu aliyeoga aende kupima mukojo na choo. Damu katika mukojo wa mutoto si "kukomaa", ni ugonjwa, na dawa yake, praziquantel, inajulikana vizuri.

Upofu wa muto. Inzi wadogo weusi wanaozaa katika maji yanayokimbia wanauma muchana na kuingiza mududu unaowasha ngozi na, kisha miaka, kuharibu macho. Safari kubwa ya Waingereza iliyoteremuka muto Kongo katika miaka 1974 na 1975, kwa mashua za upepo, ilibeba waganga wa kuchunguza ugonjwa huo. Vaeni mikono mirefu. Na wagawanyaji wa ivermectin wakipita katika kijiji ao kartie yenu, musiwakimbie: dawa hiyo inatolewa bure tangu mwaka 1987.

Kolera na magonjwa ya kuhara. Maji ya muto si ya kunywa, hata yakiwa meupe. Bebeni maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani, yatoshe wote mpaka kurudi, pamoja na sabuni ya kunawa mbele ya kugusa bukari.

Malaria. Mbu wa malaria wanaanza kazi jua likilala. Sababu ingine ya kutoka majini saa 15.

MUTU AKIZAMA

Ukianguka majini: lala kwa mugongo, miguu mbele, vidole vya miguu juu, uache maji yakubebe mpaka pahali pa polepole. Usisimame katika maji yanayokimbia yakiwa yamepita magoti, sababu muguu unakwama katika mawe na maji yanakulaza kifudifudi.

Ukiona mwenzako anazama: usiruke. Wengi wanakufa wawili wawili kwa sababu hiyo. Nyosha kafi ao fimbo. Haifiki? Tupa bidon na kamba. Haifiki? Enda kwa mashua, ukiwa na jile yako.

Akitolewa na hapumui: mulaze kwa mugongo pahali pagumu. Fungua mudomo, ondoa kinachoonekana. Inua kidevu, ziba pua, mupe pumzi tano kwa mudomo. Kama haamuki, gandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na upesi, karibu mara mbili kwa kila sekunde, kwa mutu mukubwa kifua kishuke sentimetre 5. Kisha pumzi mbili. Tena 30, tena mbili. Musiache mpaka apumue ao mufike kwa lopitali.

Musimuninginize mutoto kichwa chini. Musimukanyage tumbo. Musimufukizie moshi. Hayo yote yanapoteza dakika ambazo yeye hana. Na mutu aliyezama akaamuka, hata akisema "niko muzima", apelekwe kwa lopitali siku ile ile: mapafu yanaweza kujaa maji kisha saa kadhaa.

NENO KWA EKIPE ZOTE

Shauri langu ni hili. Kila ekipe ya kazi, ao kila kartie, ichange franga kidogo kidogo kwa mwezi, inunue jile kumi: sita za wakubwa, ine za watoto. Ziwekwe pahali pamoja, pamoja na kamba, pompi na kabuku, chini ya mukono wa mutu mumoja mwaminifu. Familia inayotaka kwenda kwa muto inakuja kuazima, inaandika jina, inarudisha zikiwa safi na kavu. Kama jile ni kumi, watu wa safari ni kumi. Wa kumi na moja anangoja juma lingine.

Na ninyi wamama, ninawaachia ufunguo wa sheria hii. Baba anaweza kumubishia muganga, anaweza kubishana na shef. Lakini asubui ile, mbele gari haijawaka, simameni pa mulango wa lupango na muhesabu: vichwa vingapi, jile ngapi. Hesabu ikikataa, chukueni sufuria ya bukari, murudishe ndani. Watoto watalia kwa saa moja. Muto utakuwa ungali pale juma lijalo, na wao pia.